Masta iko sawa, lakini ufunguo wa kabati uko kwa nani?

Vyuo vikianza kutangaza nafasi za uzamili, simu zetu hujaa mabango. Zamani yalikuwa ya usimamizi wa biashara tu. Siku hizi kuna mgeni mjini: shahada ya uzamili katika teknolojia ya elimu, ubunifu na ujasiriamali. Maneno makubwa matatu chini ya kofia moja, na picha ya kijana anayetabasamu akiwa ameshika tabuleti. Hapa Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, nimeulizwa swali moja na watu wa kutosha: nijiandikishe, ama ni kutupa doh?

Jibu langu halitawafurahisha wenye vyuo, na halitawafurahisha wale mabeshte wangu wanaosema masomo ni utapeli. Kozi hii inahitajika, tena kuliko nyingi tunazosomea sasa. Ila vile inavyouzwa, inauzwa kama chumba cha kusubiri.

Tuelewane kwanza ni kitu gani. Ukiondoa mapambo, ina miguu mitatu. Wa kwanza ni kuelewa mtu hujifunza vipi na mashine inaweza kumsaidia wapi. Wa pili ni kubuni kitu, kukijaribu kwa watu wachache, kukubali kwamba hakijafanya kazi, na kukirekebisha. Wa tatu ni pesa: nani atalipia kitu hicho mwaka wa tatu, wakati wafadhili wameshapiga picha na kwenda zao? Marekani, Harvard na Chuo Kikuu cha Pennsylvania vina shahada za aina hii, kwa karo ya mamilioni ya shilingi zetu. Hapa nyumbani Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya mawasiliano na teknolojia ya elimu, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa kule Konza Agosti 2023, kina stashahada ya uzamili ya kupanga mafunzo kwa teknolojia. Kwa hivyo si lazima uombe viza ndiyo usomee mambo haya.

Lakini mchezo tunaujua. Digrii ya kwanza imekosa kazi, mzazi anaona haya ukishinda nyumbani, basi unaongeza ya pili ili ukiulizwa kanisani unafanya nini siku hizi, uwe na jibu. Miaka miwili inapita. Unatoka na deni la sacco, kipande cha shamba kimeuzwa, na ile miaka ya kuitwa kijana inayoyoma. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, kwa hivyo watu hudhani nina chuki na vyeti. Sina. Kinachonikera ni mtu kupewa cheti cha teknolojia ya elimu kabla hajawahi kusimama mbele ya kabati.

Kabati gani? Lile la ofisi ya mwalimu mkuu. Mwaka 2013 tuliahidiwa kwamba watoto wa darasa la kwanza watapewa vipakatalishi. Zabuni ya kwanza ikavurugika kwa kesi. Mwaka 2016 mradi ukarudi kwa sura nyingine: tabuleti za wanafunzi, vipakatalishi vya walimu, projekta, na kifaa cha kuhifadhi masomo, vikitolewa na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na kile cha Moi pamoja na kampuni za nje. Vifaa zaidi ya milioni moja vilifika katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Ukipima kwa lori, mradi ulifaulu. Stima pia ilifika katika shule ambazo hazikuwa zimewahi kuona balbu, na hilo nalisifu bila masharti.

Sasa nenda katika shule ya msingi iliyo karibu nawe uulize vitu hivyo viko wapi. Mara nyingi viko salama. Salama kabisa, nyuma ya mlango wa chuma, juu yake kufuli mbili. Usimcheke mwalimu mkuu. Yeye ndiye aliyetia sahihi kupokea mali ya serikali. Tabuleti ikiibwa, ataitwa yeye kueleza. Tabuleti ikikaa kabatini miaka minane bila kufunza mtoto yeyote hata silabi moja, hakuna atakayemwita. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2016 sasa ndevu zinachungulia.

Nimekaa kwa hilo kabati kwa sababu ndani yake ndimo mtaala wote wa hiyo masta ulimo. Tatizo halikuwa programu, na halikuwa kasi ya intaneti. Ilikuwa sahihi kwenye karatasi: nani anabeba hasara, nani anapata sifa, nani ana ufunguo. Mhandisi hawezi kuliona hilo akiwa maabara. Mwenye kampuni hawezi kuliona akiwa kwenye hoteli ya Westlands akiwaonyesha wawekezaji slaidi zake. Mwalimu wa darasa la tatu analiona kila asubuhi, na hakuna aliyemuuliza.

Si sisi peke yetu. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa MIT alitangaza kipakatalishi cha dola 100 kwa kila mtoto maskini duniani. Peru ilinunua mashine hizo kwa mamia ya maelfu. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Mataifa ya Amerika walipochapisha matokeo yao mwaka 2012, hawakuona tofauti katika alama za hesabu wala za lugha kati ya watoto waliopewa na wale ambao hawakupewa. Watoto walijua kuzitumia hizo mashine, sawa. Hesabu ilibaki pale pale.

Na sasa kisa ambacho kinafaa kusomwa na kila anayetaka kujiandikisha, tena ni cha hapa Kenya. Katika kaunti ya Kisumu, miaka kama kumi na kitu iliyopita, watafiti wa mradi wa kusoma wa PRIMR walijaribu njia tatu. Shule zingine wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali. Zingine tabuleti zikaenda kwa walimu. Zingine mwanafunzi na mwalimu hawakupata chochote cha kubonyeza. Tabuleti alipewa yule afisa anayezunguka shuleni kumkagua mwalimu akifundisha na kumshauri. Njia zote tatu ziliwainua watoto kuliko shule ambazo hazikuwa kwenye mradi. Lakini zenyewe kwa zenyewe hazikutofautiana sana, na ukigawanya matokeo kwa gharama, iliyoshinda ni ile ya afisa. Kifaa kimoja kwa mtu mmoja anayepanda pikipiki kutoka shule hii hadi ile.

Unaona uzuri wake? Teknolojia ilienda kwa mtu ambaye hakuna bango la chuo lingemweka kwenye picha. Wazo hilo likaingia katika mradi wa Tusome ulioanza mwaka 2015 nchi nzima: kila mtoto kitabu chake cha karatasi, mwalimu mwongozo wake, na afisa tabuleti yake ya kurekodi alichokiona darasani. Watoto wakasoma vizuri zaidi. Hakuna aliyetoa machozi jukwaani akisema amebadilisha dunia.

Tusome ililipiwa na USAID na serikali ya Uingereza. USAID yenyewe ilifungwa mwaka 2025. Hapo ndipo ninapogombana na wale walimu wanaoliona neno ujasiriamali kama tusi. Kitu kizuri ambacho hakina wa kukilipia ni kitu kizuri chenye tarehe ya kufa. Lazima mtu ajue kupiga hesabu, na aipige mapema.

Ila pia tumeona hesabu ikipigwa hadi binadamu anasahaulika. Bridge International ilifungua shule yake ya kwanza Mukuru kwa Njenga, Nairobi, mwaka 2009. Mwanzilishi mmoja tayari alikuwa ameshauza kampuni ya programu za elimu kule Marekani. Mpango ulikuwa hivi: somo linaandikwa ofisini neno kwa neno, linatumwa kwenye tabuleti, mwalimu analisoma mbele ya darasa. Mwalimu wa bei nafuu, karo ya bei nafuu, shule nyingi haraka. Chama cha walimu KNUT kilipiga kelele kuhusu walimu wasio na mafunzo. Uganda iliamuru shule hizo zifungwe mwaka 2016. Shirika la IFC la Benki ya Dunia, lililokuwa limewekeza humo, likajiondoa mwaka 2022.

Sasa kuna jambo ambalo wakosoaji wa Bridge hawapendi nilitaje. Mwaka huo huo wa 2022, utafiti ambao Michael Kremer, mshindi wa Nobel ya uchumi ya 2019, alishiriki, ulionyesha kwamba watoto waliopata ufadhili wa kusoma huko walijifunza zaidi, na kwa tofauti kubwa, kuliko wenzao ambao hawakuupata. Kwa hivyo? Mtu aliyefundishwa vizuri anatakiwa kuweza kushika mambo yote mawili mkononi: kwamba mtoto alijua kusoma, na kwamba mwalimu wake aligeuzwa spika ya redio. Kozi ambayo haiwezi kukaa na ugumu huo wiki nzima darasani ni semina ya motisha.

Kwa upande wa pesa ndogo ndogo, napenda zaidi mfano wa Eneza. Ilianza Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2010, na badala ya kungoja kila nyumba ipate simu ya kioo, ikatuma maswali na masomo kwa ujumbe mfupi. Kabambe ya shosho inatosha. Baadaye, kupitia Safaricom, ulikuwa unapiga *291# na kukatwa shilingi chache kwa siku. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wale waliokuwa na tabuleti na waifai waliendelea na masomo, na sisi wa huku milimani tuliona nani alibaki nje. Ni kabambe zilizowafikia baadhi ya hao. Zeraki nayo ikaenda kwa mlango mwingine: ikachambua matokeo ya mitihani kwa niaba ya shule. Mzazi anapata alama kwa simu, mwalimu analala mapema. Hakuna ajabu yoyote hapo. Mtu aliuliza mwalimu anachukia kazi gani kuliko zote, akaifanya.

Kabla hujasema haya mambo ya masta na ujasiriamali wa elimu ni ya wazungu, tembea nyuma kidogo. Mbiyu Koinange wa Kiambu alienda Marekani, akasoma, akapata shahada ya uzamili kutoka Chuo Kikuu cha Columbia. Akarudi mwishoni mwa miaka ya 1930. Wakati huo Wakikuyu walikuwa wameshaanzisha shule zao huru, huku Nyeri pia, baada ya kukosana na wamisheni, na shule hizo hazikuwa na walimu wa kutosha. Mwaka 1939 akafungua chuo cha ualimu Githunguri. Marika yalishindana kuchanga. Rika hili likijenga, lile halikubali kushindwa. Serikali ya kikoloni ikakifunga mwaka 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa. Angalia mpangilio: uhitaji ulikuwako kwanza, watu wakauona wao wenyewe, mwenye masta akaletwa na elimu yake kuutumikia. Siku hizi tunaenda kinyume. Tunachukua masta, kisha tunazunguka tukitafuta tatizo la kuivalisha.

Na hapa kwetu, chuo tunachokiita Kimathi kilianza mwaka 1972 kama taasisi ya ufundi, kwa michango ya harambee ya watu wa Nyeri. Guka zetu hawakuchanga ili kijana apate kofia. Walitaka fundi. Mwaka 2012 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Leo kinafunza walimu wa masomo ya kiufundi, na mwaka 2015 kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Data Science Africa, watu wakatoka nchi mbalimbali kuja Nyeri kujifunza jinsi ya kuifundisha mashine. Chuo Kikuu cha Karatina, kilichopata hati mwaka 2013, nacho kinatoa walimu. Kwa hivyo mnaotuambia kwamba kozi kama hii lazima tuifuate Nairobi, mnatuambia hadithi.

Ninachotaka ni hiki. Kozi ifundishwe huku, na mtihani wake uwe shule. Mwanafunzi wa uzamili apewe shule mbili au tatu za wadi hii ya Gatitu/Muruguru kwa miaka yote miwili. Mwaka wa kwanza asibuni kitu. Akae tu nyuma ya darasa, ahesabu dakika ambazo mwalimu anapoteza kujaza fomu, aone stima ikipotea katikati ya somo, aende na mzazi saiba kuchagulia mtoto wa gredi ya tisa shule ya sekondari ya juu. Huyo jamaa wa saiba, kwa taarifa yenu, ndiye teknolojia ya elimu ya Gatitu. Anajua nywila za nusu ya kijiji. Anajua ni ukurasa upi wa serikali hukwama, na saa ngapi. Hakuna profesa aliyewahi kumwita atoe mhadhara hata wa nusu saa.

Apewe nafasi ya kusoma pia. Mamlaka ya Kitaifa ya Kutathmini Sifa za Masomo, KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ina utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila cheti. Utumike hapa. Mtu aliyeshughulika na mitandao ya shule kwa miaka minane asifungiwe mlango kwa sababu hana digrii ya kwanza, huku mlango huo huo ukimfungukia mwenye digrii ambaye hajawahi kushika chaki. Najua nina maslahi katika hoja hii. Bado ni hoja.

Halafu kuna walimu wanagenzi wa sekondari msingi, na kwangu hao ndio wa kwanza kwenye foleni. Kijana amesomea Kiswahili na historia, akapelekwa shule ya sekondari msingi mwaka 2023 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, akaambiwa afundishe pia stadi za kiufundi, somo ambalo baadaye lilimezeshwa kompyuta na biashara. Anasoma usiku kwa simu ili awafundishe watoto asubuhi. Mwezi wa Mei 2024 waligoma wakaonekana wakorofi. Hao wameshafanya ubunifu mwingi bila maabara: wamefundisha kibodi kwa kuichora kwenye katoni, wametuma kazi ya ziada kwa kikundi cha WhatsApp cha wazazi ambao nusu hawana data. Ukitafuta mwanafunzi wa masta hii, ndiye huyo. Na hawezi kulipa. Kwa hivyo chuo kikisema kinajali ubunifu katika elimu, tuangalie kitafanya nini na karo yake, kwa sababu kozi hii ikibaki ya wale wanaoweza kuuza ploti, itazalisha kampuni za kuwauzia shule vitu vya kufungia kabatini.

Kuna mzazi atasema shule ya mwanawe haina walimu wa kutosha, paa linavuja, na mimi niko hapa kuongea juu ya tabuleti. Ana haki. Tena nafikiri jibu bora ambalo mwanafunzi wa uzamili anaweza kuandika kwenye tasnifu yake, baada ya miaka miwili nyuma ya darasa, ni kwamba shule hii isinunue kifaa chochote mwaka huu. Pesa ziende kwa mwalimu mmoja zaidi. Akileta ushahidi, apewe alama za juu. Sijaona mahali pengi ambapo mtu angefaulu kwa jibu hilo, hasa kama kampuni ya vifaa ndiyo imelipia ukumbi wa mahafali.

Basi wewe uliyeniuliza: ukitaka kusoma, soma. Lakini kabla ya kutuma ile ada ya maombi, ambayo hairudishwi, piga simu idarani. Uliza utapelekwa shule gani, kwa muda gani, na nani huko anakungoja. Uliza kati ya wahadhiri ni wangapi wamewahi kufundisha darasa la watoto sitini. Uliza wahitimu wa mwaka jana wako wapi sasa, na ukitajiwa kampuni, ipigie pia, uulize ni shule ngapi zimelipa mara ya pili. Karani akikuambia ungoje siku ya maelekezo ndipo ujue hayo yote, weka simu chini uende ukaongee na mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu nawe. Muombe akufungulie kabati. Huenda akakataa siku ya kwanza, kwa ile sababu ya sahihi. Rudi Jumatatu.